Kaseti ya Mama Sumaku

Ukimpelekea Mama Sumaku redio kaseti yako ukamwambia imekufa, jiandae kusutwa kidogo. "Imekufa? Umeizika wapi?" atakuuliza, na mkono wake umeshafika kwenye bisibisi. Kibanda chake kiko nyuma ya duka la viatu: meza moja ndefu, waya zinazoning'inia, na redio zilizofunuliwa matumbo. Wenye simu za kisasa wanamcheka. Lakini ving'ang'anizi wa kaseti na santuri bado wapo, na wote wanamjua yeye.

Jina lile alilipata kwa kazi. Kile kichuma kinachousoma mkanda ndani ya redio mafundi hukiita kichwa, na kikitumika sana huingiwa na sumaku. Sauti inakuwa nzito. Tena balaa si hilo tu, maana sumaku ile inaulamba mkanda wenyewe kila ukiucheza, inakula sauti nyembamba kidogo kidogo, na ikishakula haitapiki. Dawa yake ni kijiti cha umeme. Unakiwasha mbali, unakisogeza hadi kwenye kichwa, unakizungusha, unakirudisha nyuma taratibu mpaka mkono unyooke, ndipo unazima. Ukikizima kingali karibu, umeharibu kuliko ulivyokuta. Mama Sumaku huifanya kazi hiyo akiwa ameziba pumzi, na ole wako umsemeshe. Mteja akisikia sauti imefunguka na kuanza kushangilia, yeye hujifanya hana habari. "Haya, beba mzigo wako, nina kazi."

Nyumbani alikuwa na redio yake, na kaseti moja aliyoipenda kuliko vyote. Ilikuwa sauti ya marehemu mumewe. Mume alikuwa dereva wa teksi, na kila jioni alimpitia mkewe kibandani. Jioni moja Mama Sumaku alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kutengeneza kinasa sauti cha mtu, akamsukumia mume mdomoni: sema chochote, nijaribu. Mume akasema. Haikupita muda ajali ikamchukua, na binti yao hata kutambaa alikuwa bado.

Tangu hapo Mama Sumaku akirudi kazini alijifungia chumbani, akasikiliza, akatoka na macho mekundu akisingizia vumbi. Binti alikua akisikia mvumo tu nyuma ya mlango. Akiomba kuingia alifukuzwa. Tuseme ukweli jamani, mama alimwonea wivu mtoto wake wa kumzaa. Kidogo kile kilichobaki hakutaka kugawana na mtu.

Miaka ikaenda, na sauti ya mume ikaanza kuzama. Zikapotea pumzi zake, kikafuata kile kicheko cha puani, kisha maneno yenyewe. Mama Sumaku akajua ni uzee, masikio ndiyo hayo yanaaga. Wala halikumsumbua sana, kwa sababu kila neno alikuwa nalo moyoni.

Binti naye akawa mshonaji, akapata mchumba wa mji wa mbali. Wiki ya kuhama akaja kusimama mlangoni mwa chumba cha mama yake, akagoma kuondoka.

"Mama, mimi naenda kwa watu. Wakiniuliza baba yako alikuwaje, nitawaambia nini? Nisikilize hata mara moja tu."

Mama akanuna, akakohoa kikohozi cha uongo, akapanga nguo zilizokuwa zimeshapangwa. Mwisho akabonyeza.

Binti akainamisha kichwa, akasikiliza hadi mwisho. Uso ukamshuka.

"Mbona anaongea kama yuko chini ya blanketi? Sijapata hata neno moja."

"Una mafua wewe?"

"Mama, mimi nasikia hata uzi ukikatika. Huu ni mngurumo tu."

Weee! Mama Sumaku akakaa kitandani. Kumbe si masikio. Akakimbilia kibandani na kurudi na kile kijiti na kipimo chake cha sumaku, akasogeza kipimo kwenye kichwa cha redio, na mshale ukaruka hadi ukingoni. Redio za watu wote amezisafisha, hii yake hakuwahi hata kuifungua, eti asiivuruge ilivyoachwa na marehemu. Mganga hajigangi, wanasema, lakini hapa ilikuwa imezidi.

"Nimemfuta," akasema. "Kila jioni nikikaa hapa kumsikiliza, nilikuwa namfuta."

 Binti akaipeleka kaseti chumba cha mbali, kijiti kisije kikaifuta, na mama akakiwasha. Alipomaliza wakaicheza tena. Redio sasa ilikuwa safi kabisa, ila mume akanguruma vilevile. Kilicholiwa kimeliwa. Binti akaanza kulia, na kilio chake kilikuwa cha mtu aliyefiwa leo.

Mama akaurudisha mkanda. Ulipoanza, akafungua mdomo na kusema juu ya ule mngurumo, neno kwa neno, akikatisha pale mume alipokatisha, akivuta pale alipovuta:

"Niseme nini sasa, fundi? Mke gani huyu, badala ya kunipa maji ananipa waya! Haya, funga hilo duka. Twende nikamwone kidege wangu kabla hajalala. Leo alinishika kidole, akagoma kuniachia."

Binti alikuwa ameshaanza kucheka. Akamgeukia mama yake.

"Kidege ni nani?"

"Wewe."

"Alikuwa ananiita hivyo?"

"Kila siku."

"Na humu ndani nimo? Siku zote nilipokuwa nagonga huo mlango, nilikuwa nimo humu?"

 Mama Sumaku akajisogeza pembeni ya kitanda, akapapasa ile nafasi.

"Njoo, kidege," akasema.