Tambi za Murjan

Mume wangu Murjan alirudi Kibra kutoka vita vya Burma mwaka 1946 akiwa na kovu la goti, blanketi la jeshi, na ufundi wa kupika tambi aliofundishwa kambini na mpishi mmoja Mchina. Kovu tulilizoea. Blanketi tuliligombania. Tambi ndizo zilizotuletea balaa.

Rafiki yake wa vitani Abdelrahim, ambaye mdomo wake hauna kufuli, alisimulia barazani kwamba yule Mchina alikaanga kila kitu kwa mafuta ya nguruwe. Mama mkwe wangu, Bakhita, akasikia. Hakuuliza neno. Ila tangu siku hiyo sisi wengine tulikula siniya moja, kama ilivyo desturi yetu Wanubi, na Murjan akapakuliwa sahani yake peke yake kama mgeni. Mwezi mzima! Askari wa vita akila huku ametazama ukuta. Roho iliniuma.

Ijumaa moja baada ya sala akaingia jikoni. Mwanaume jikoni! Majirani walipata la kusema. Akamwomba mama yake mafuta ya simsim, yale ya ufuta aliyoyakamua mama mwenyewe. Akakanda unga wa ngano kwa maji na chumvi, akausukuma kwa chupa tupu hadi ukawa mwembamba, akaukunja, akaukata nyuzi nyuzi. Nikamwambia anakata tambi vizuri kuliko anavyopasua kuni. Hakucheka.

Mafuta aliyaweka juu ya makaa machache, akatia vitunguu vya majani, tangawizi, pilipili kavu na kijiti cha mdalasini, kisha akangoja. Nilipotaka kupuliza moto akanishika mkono.

"Wacha, Mabruka. Ukiharakisha yanakuwa machungu."

Harufu ikatoka hadi uani. Bakhita, aliyekuwa akisuka kifuniko cha chakula, akakiweka chini, akaja akasimama mlangoni.

"Hii mafuta ni gani?"

"Ni simsim yako, mama."

"Na huko Burma, ile ingine ulikula?"

Mimi ningedanganya, nasema kweli. Murjan akaweka mwiko chini.

"Nilikula, mama. Mara mbili. Tulikuwa tumekaa siku nne bila chakula."

Murjan akachemsha tambi, akazichuja, akazichanganya na yale mafuta. Nikachukua ile sahani yake ili nimpakulie. Bakhita akaninyang'anya sufuria. Akamimina tambi zote kwenye siniya, akaketi mkekani, akasema bismillahi, akawa wa kwanza kuonja. Zilimteleza vidoleni, moja ikamning'inia kidevuni, na hakuna aliyethubutu kucheka.

"Pilipili umezidisha," akasema.

Kisha akasogea, akapigapiga mkeka ubavuni pake.

"Kaa hapa, mtoto wangu. Siku nne, na hukuniambia?"