Intaneti Chumbani kwa Mama Mkwe

Kwetu Bungoma mama mkwe halali nyumbani kwa mkwewe, hata awe mgonjwa, hata mvua inyeshe ya mawe. Mkwe naye hakanyagi chumbani kwa mama mkwe. Mnasalimiana kwa mbali, kila mmoja akitazama kuku. Mimi nilikuwa nikiyacheka mambo hayo, mpaka mama mkwe alipovunjika mguu kwake karibu na Kamukuywa, na hakuna wa kumwangalia ila binti yake, yaani mke wangu.

Mke wangu alikuwa akifanyia kazi nyumbani kwetu Kitale. Ofisi moja ya Nairobi ilikuwa ikimtumia rekodi za mikutano kwa intaneti, naye akisikiliza, akichapa, akirudisha. Walimpa wikendi moja tu ya kuhama. Jumatatu asubuhi kazi isipofika, nafasi yake ingepewa mwingine. Basi njia zilikuwa mbili: ama intaneti ifike kwa mama mkwe, ama mama mkwe aletwe Kitale alale kwangu. Hiyo ya pili tuliinong'ona tu.

Ijumaa nikapakia kompyuta zetu mbili za mezani kwenye pikapu ya kukodi. Tukaziweka katika nyumba ndogo ya wageni, ng'ambo ya uwanja, ambako mimi naruhusiwa kuingia. Lakini mtandao wa simu ulishika chumbani kwa mama mkwe peke yake, upande unaotazama mlingoti wa simu. Mke wangu akaiweka rauta huko dirishani, ile yenye laini ya simu ndani na inayogawa intaneti, akamwonya mama yake asichomoe waya wa umeme kamwe. Nami nikavuta kebo ndefu kutoka dirishani, nikaipitisha uwanjani hadi kwenye kompyuta. Jumamosi asubuhi ndama akaitafuna.

Kompyuta zenyewe hazikujua kushika mtandao wa hewani, zilijua waya tu. Nikarudi Kitale mbio, dukani kwa Mhindi mmoja wa vifaa, akaniuzia kitu alichokiita daraja. Hicho kinaudaka mtandao wa rauta hewani, kisha kinazigawia kompyuta kwa waya mfupi palepale mezani.

"Hii iko sawa kabisa, bana," akasema. "Ikikataa, rudisha."

Ikakataa. Jumapili baada ya kanisa nilikiunganisha, taa ya umeme ikawaka, ya mtandao ikabaki nyeusi. Nikazima, nikawasha, nikasoma maelezo, nikamlaani Mhindi na ndama wake. Ndama hakuwa wake, lakini mimi nikikasirika sichagui. Mke wangu akaenda kuchungulia mlangoni kwa mama yake, akaona waya wa umeme umekaa vizuri kwenye soketi na mama amejilaza, asiingie ndani kutazama zaidi.

"Waya iko sawa," akaniambia, macho yamejaa machozi. "Si tumpeleke tu Kitale?" Akachukua ndoo, akaenda kisimani.

Lisilo budi hutendwa. Nikaenda hadi chini ya lile dirisha, nikasimama nimeligeuzia mgongo.

"Hodi, Mama."

"Karibu, mkwe. Uko mbali?"

"Niko mbali, Mama," nikadanganya. "Ile rauta, taa zake zinawaka?"

"Siwezi jua. Nimefungia."

"Umefungia wapi?"

"Kwa sanduku yangu ya bati. Lakini waya sijatoa. Si mlisema nisitoe? Nimefunika tu na kifuniko."

Mkwe hacheki mbele ya mama mkwe. Nilikwenda nyuma ya migomba, nikacheka mpaka mbavu zikauma, nikajipangusa uso, nikarudi. Mtandao haupiti kwenye bati. Nikamwomba kwa adabu zote airudishe dirishani. Nikasikia gongo lake likigonga sakafu, kifuniko kikilia, naye akiguna kwa maumivu.

Nilipofika kwenye nyumba ndogo, taa ilikuwa ya kijani. Mke wangu akaingia na ndoo kichwani, akaiona, akaketi na ndoo yake sakafuni. Rekodi zikaanza kuingia polepole, lakini zikaingia.

Nikamsimulia habari ya sanduku, akacheka, akakimbia kumweleza mama yake kwamba mtandao umeshika. Aliporudi hakuwa akicheka tena. Ndani ya lile sanduku aliona gauni la kanisani, blanketi, kikombe na kipande cha sabuni, vyote vimepangwa. Mama mkwe alikuwa ametusikia Jumamosi, baada ya ndama kutafuna kebo, tukinong'ona uwanjani habari ya kumpeleka Kitale, akafunga mizigo ili binti yake asipoteze kazi. Rauta aliitia humo kwa sababu ni yetu, isije ikasahaulika.

Nikarudi dirishani.

"Mama, toa nguo zako. Huendi popote."

Nikasikia kifuniko cha sanduku kikilia tena.

"Asante, baba," akasema. "Nilikuwa naomba Mungu anichukue kabla ya hiyo Jumatatu."