Sungura Aliyefika Hotelini

Mimi ni mtoto wa kambi ya jeshi. Kiswahili nilikinyonya humo, na shule yangu iliishia darasa la pili. Lakini mdomo, banange, mdomo wangu ulimaliza chuo kikuu! Hapa Makindye, Kampala, uliza mtu yeyote: watoto wote wa mtaa huu wamelala kwa hadithi zangu. Amebaki mmoja tu, tena wa mbali, na huyo mmoja ndiye damu yangu.

Binti yangu aliolewa Uarabuni, akazaa msichana. Sasa ana miaka mitano, mashavu kama maandazi, na anajua Kiarabu tu. Kila Ijumaa tunaonana kwenye simu. Mimi nasimulia Sungura alivyompanda Fisi mgongoni, na wimbo wake naimba, jasho linanitoka, halafu binti yangu anamgeukia mtoto anasema maneno matatu. Matatu!

"Na wimbo je?" nauliza.

"Nimemwambia, Mama."

Hakumwambia. Mtoto keshakimbilia midoli yake.

Kwetu hadithi haiendi bila kuitikiwa. Unasema kidogo, unauliza, "Mpo?" Wanajibu, "Tupo!" Wasipojibu, unafunga mdomo. Na huyu mjukuu wangu hajawahi kuniitikia hata mara moja. Nikasema, sitakufa hivyo. Hadithi yangu nitaipeleka mwenyewe.

"Mama, kwa umri huo ujifunze Kiarabu?" binti yangu alicheka. "Mimi si nipo nikutafsirie?"

"Wewe unatafsiri kama mtu anayekimbizwa na mbwa."

Mke wa mwanangu akaniwekea programu ya Kiarabu kwenye simu. Akasema hiyo inamfundisha kila mtu kivyake, ilimradi uiambie Kiarabu unakitakia nini. Ikaleta picha: vitabu, ofisi, duka, ndege. Picha ya bibi na mjukuu haikuwepo. Nikafikiri, mtoto yuko mbali, anafikiwa kwa ndege. Nikabonyeza ndege.

Basi! Kila asubuhi namenya matoke barazani, simu nimeiegemeza kwenye sufuria, nafundishwa hoteli. Nataka chumba. Begi langu liko wapi? Ufunguo uko wapi? Mimi ambaye sijalala hotelini hata siku moja! Nikikosea inaniwekea alama nyekundu, inanishauri nirudi somo la kwanza.

"Rudi wewe," naiambia.

Jirani yangu muuza mkaa akachungulia. "Jajja," akaniita, maana Kampala nzima bibi ni jajja, "leo unagombana na nani?"

"Na hoteli. Wamenipotezea begi."

Alicheka mpaka akakaa chini. "Sasa hilo begi na hadithi zako wapi na wapi? Utamwambia nini mtoto?"

Hilo swali liliniuma, maana lilikuwa kweli. Mwezi mzima, hata jina la fisi sijafundishwa! Mke wa mwanangu akataka kuibadilisha ile programu, nianze upya. Nikakataa. Nilichonacho jikoni ndicho nitakachopika.

Ijumaa ikafika. Nikamwambia binti yangu, "Leo wewe ni mgeni, kaa kimya."

Nikasimamisha vidole viwili kichwani: masikio ya Sungura. Nikaingia hotelini. "Uridu ghurfa!" Nataka chumba! Mjukuu wangu akakodoa macho. Nikainama, nikaburuta miguu, nikatoa kile kicheko kibaya cha Fisi. Huyo ndiye mwenye hoteli. Sungura akauliza, "Aina hakibati?" Begi langu liko wapi? Fisi akajipapasa tumbo. "Aina jawazi?" Pasipoti yangu je? Fisi akajipapasa tumbo, akacheua. Mtoto akapiga ukelele, akaishika simu kwa mikono miwili. "Aina miftahi?" Na ufunguo? Safari hii mtoto mwenyewe ndiye aliyejipiga tumboni.

Binti yangu akaingilia. "Mama, unavyoyatamka hayo maneno... ngoja nimweleze."

Mjukuu wangu akamziba mama yake mdomo kwa kiganja. Na mimi kwa furaha nikasahau Kiarabu chote, nikauliza kama ninavyouliza hapa barazani:

"Mpo?"

Hajui hilo neno, hajawahi kufundishwa. Lakini sauti ya kuulizwa aliijua.

"Aiwa, Jajja! Aiwa!" Ndiyo, Jajja! Ndiyo!

Nikakaza kanga kiunoni, nikaendelea. Fisi alikuwa bado hajala kitanda.