Ule Peke Yako, Papa

Mtu akifungwa mjini kwetu, wa kwanza kuhukumiwa ni jiko la nyumbani kwake. Nilikuwa silijui hilo mpaka siku walipomchukua papa, baba yangu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Makiso, na kwa miaka nilipita mbele ya gereza la mji nikienda zangu kazini. Wanawake waliojipanga ukutani na vyombo vyao vya chakula niliwaona kila asubuhi. Nilidhani wanauza.

Papa alikuwa na miaka sitini na minane, mstaafu wa ofisi, na katika barabara yetu ndiye aliyeitwa kila palipohitajika mtu mzima wa kuaminika. Jirani mmoja aliuza kiwanja upande wa Simi-Simi, akamwomba papa atie sahihi kama shahidi. Papa akatia. Baadaye ikajulikana kwamba kiwanja kilekile kimeuzwa kwa watu wawili, na muuzaji alipotafutwa alikuwa ameshavuka mto na kupotea. Basi wakamkamata aliyepatikana, na aliyepatikana ni mzee aliyekuwa ameketi mlangoni kwake na Biblia magotini.

Yule aliyeshika faili pale parquet, ofisi ya mashtaka, aliniambia bila kuinua uso, "Bon, mama, ni siku kidogo tu. Tuko natafuta ule mwengine."

Siku kidogo zikawa miezi mitano. Sheria inasema mtu ambaye hajahukumiwa apelekwe mara kwa mara mbele ya majaji, waamue kama abaki ndani au arudi nyumbani akingoja kesi yake. Mwezi wa kwanza gari la kuwapeleka lilikuwa halina mafuta. Mwezi wa pili faili lilikuwa kabatini mwa mtu aliyesafiri na ufunguo wake. Mwezi wa tatu papa alifika kweli, akasimama mbele yao dakika tatu, wakasema aendelee kubaki kwa sababu uchunguzi haujakwisha. Uchunguzi gani, Mungu ndiye ajuaye. Ndugu yangu mdogo aliye Kinshasa alikuwa akinipigia simu kila Jumapili kunitia moyo: "Yaya, ukaze roho. Penye nia pana njia." Siku moja nilimjibu kwamba nia ninayo tele, anitumie hiyo njia kwa mtu anayekuja na ndege. Hakupiga simu wiki mbili.

Mle ndani serikali hupika mara moja kwa siku, siku inapopika. Ni mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, bila chumvi, bila mafuta, kikombe kimoja kwa mtu. Kuna siku hakiji kitu. Kwa hiyo mfungwa huishi kwa mkono wa watu wake walio nje, na asiye na mtu nje huishi kwa bahati. Wanawake wa ukutani walinifundisha kazi hiyo kama nilivyowafundisha mimi watoto wao kusoma. Usivae nyekundu. Simu acha nyumbani, kadi ya uchaguzi acha kwa mlinzi wa mlango. Chakula chako mlinzi atakichokoachokoa na kijiti akitafuta kisichotakiwa, kisha atakuambia uonje mwenyewe mbele yake, asije mtu akauawa kwa sumu. Kila siku nililamba kijiko changu kama mtoto anayekunywa dawa. Na usimcheke yeyote pale mlangoni, maana mkono mtupu haulambwi, lakini mkono wenye kiburi haufunguliwi hata mlango.

Baada ya hapo kuna mfungwa mwenye sauti ambaye kazi yake ni kupiga kelele uani jina la aliyeletewa chakula. Uani si walinzi wanaoamuru. Huko wafungwa wana gavana wao, na kila chumba kina kapita wake, naye ni mfungwa vilevile. Kapita ndiye anayesema nani alale wapi, nani achote maji, nani akae karibu na choo. Kapita wa chumba cha papa alikuwa kijana mpole mwenye kovu shingoni. Sikumuuliza alifungwa kwa nini.

Nilileta lituma ya ndizi zilizopondwa, nilileta pondu, yale majani ya muhogo, nilileta wali na makayabu, samaki wa chumvi. Nilipika sufuria ya kuwatosha watu wawili, makusudi, ili papa ale mchana na abakize cha jioni. Sufuria ilirudi kila siku tupu na imesuguliwa kwa mchanga mpaka inang'aa. Nilifurahi. Nilijiambia kwamba angalau hamu ya kula anayo.

Mwezi wa nne miguu yake ikavimba. Kwenye benchi la wageni nilibonyeza kidole juu ya mguu wake, shimo likabaki. Muuguzi wa gereza, mwanamke mnene aliyechoka, aliniita pembeni.

"Uyu papa hakulake bizuri," akasema.

"Namna gani hakulake? Kila siku naleta sufuria muzima."

"Basi ukaulize nani anaikulaka."

Nilimwomba kapita aniruhusu niingie mpaka kwenye mlango wa ua. Nikamwona baba yangu amekaa chini, sufuria yangu mbele yake, na wanaume sita wamemzunguka, mikono imenawishwa, wanangoja yeye amege kwanza.

Hapa inabidi nieleze jambo. Mama yangu, Mungu amlaze pema, alikuwa wa Maniema, ndiyo maana nyumbani tulizungumza Kiswahili. Lakini papa ni mtu wa mto, wa upande wa Isangi, na kwao wanaume hula sahani moja. Anayepita huitwa, na akiitwa hana ruhusa ya kukataa. Mtu anayejifungia na chakula chake, watu humnong'ona kwamba ni ndoki, mchawi, na hata mbwa wa jirani humwepuka. Tangu utoto wangu sikumbuki kumwona papa akitia tonge kinywani bila mtu mwingine kando yake. Mama alikuwa akimtania kwamba akifika mbinguni atagoma kula mpaka wa jehanamu wakaribishwe. Basi alipofika gerezani akafanya alivyozoea: akatazama nani hana mtu nje, akawaita.

Mmoja wao alikuwa fundi wa injini za baleinière, zile mashua kubwa za mbao, mwenyeji wa Basoko. Mizigo ilianguka majini usiku wa mvua, mwenye mizigo akadai imeibwa, na fundi akaletwa huku. Hakuwa na ndugu hata mmoja mjini. Mama yake alikuwa Basoko, na kutoka huko kwa mashua ni siku kadhaa, injini ikikubali. Yeye ndiye aliyesugua sufuria yangu kwa mchanga. Ndiye aliyemchotea papa maji ya kuoga na kumshika mkono kwenda chooni. Alikuwa akila mwisho, vidole vitatu tu, kama mgeni wa harusi.

Nilifanya nilivyoweza. Niliongeza wali. Papa akaongeza watu. Walikuwa sita wakawa tisa, na uvimbe ukapanda ukafika magotini. Nilianza kuota miguu ile. Darasani nilikuwa naandika ubaoni na kusahau ninaandika nini.

"Papa, utakufa," nikamwambia.

"Bote tutakufa, mwana yangu."

"Weye utakufa mbele. Ule chakula ni ya kwako."

"Sasa nikule namna gani, na benzangu banaangalia? Donc nifunge macho?"

Hasira niliyoisikia siku ile sijawahi kuisikia kwa mtu mwingine, na ilikuwa kwa mtu ninayempenda kuliko wote. Niliwachukia wale wanaume. Niwe mkweli, niliwachukia mmoja mmoja, kwa nyuso zao. Nilijua si wezi wa chakula changu, walikuwa wameitwa. Lakini mwenye mgonjwa hana haki kichwani. Nikamwambia papa kwamba kama hataki kula kwa ajili yangu, nitamwapisha, na nikamwapisha kwa kaburi la mama: kuanzia siku hiyo ale peke yake, mbele yangu, mpaka amalize. Aligeuka akatazama uani. Kisha akaapa. Mzee wa namna yake akiapa, imekwisha.

Nilipanga na kapita. Papa angeletwa kwenye benchi la wageni saa sita, ageuke ukutani, nami ningesimama nyuma yake. Siku ya kwanza yule fundi wa Basoko akaja naye, na kopo la maji mkononi, kama kawaida yao.

"Ndugu," nikamwambia, "leo papa anakula yeye moja. Ni dawa."

"Ndiyo, mama," akasema. Tulikuwa karibu umri mmoja, lakini aliniita mama.

Akammiminia papa maji mikononi, akangoja matone yakauke, akarudi uani. Papa alimeza lile tonge la kwanza kama anavyomeza kinini. Nilihesabu matonge. Nilikusanya mabaki yote kwenye sufuria na kuyarudisha nyumbani, nisimwachie hata punje, kwa sababu nilimjua.

Baada ya wiki mbili kidole changu hakikuacha shimo. Nilicheka peke yangu njiani, juu ya toleka, mwenye baiskeli akageuka kunitazama. Niliwaambia wanawake wa ukutani kwamba nimeshinda, na nikawafundisha na wao: simama hapo, mtazame akila, usirudi mpaka amalize. Wawili walifanya hivyo. Nilijiona mwalimu hata pale.

Yule fundi nilimwona mara chache uani, amekaa mahali pa jua. Kisha sikumwona. Sikuuliza. Ningeweza kumletea kijiko kimoja cha wali kwenye mfuko wa nailoni, mlinzi angepitisha, hakuna ambaye angenikatalia. Nilikuwa nimeogopa kwamba nikifungua mlango kwa mmoja, papa atawaingiza wote tisa.

Alhamisi moja papa alikaa kwenye benchi, akanawa, akageuka ukutani. Akasema bila kugeuka, "Ule wa Basoko amekufa."

"Amekufa na nini?"

"Njaa, mwana yangu. Bataandika malaria."

Nilifikiri hatakula. Alikula. Alikula tonge baada ya tonge mpaka sufuria ikabaki tupu, kwa sababu alikuwa ameapa, na mimi nilisimama nyuma yake sikuthubutu kumwambia aache.

Wiki tatu baadaye majaji walikubali arudi nyumbani kungojea kesi. Hapakuwa na jambo jipya kwenye faili. Gari lilikuwa na mafuta na aliyeshika faili alikuwepo, basi. Papa alipanda toleka na furushi lake magotini, na majirani walimpokea kwa nyimbo za kanisani. Alilala siku mbili. Kuhusu gereza hakusema lolote, wala hakunilaumu. Heri angenilaumu.

Siku ya tisa, mchana, mama mmoja mzee aliingia uani kwetu na kikapu kichwani. Miguu yake ilikuwa na matope makavu ya bandarini. Alikuwa ametoka Basoko kwa mashua. Mfungwa mmoja aliyeachiwa alikuwa amefika huko na kumpelekea habari, na alipofika mjini alikuta mwanawe amezikwa siku nyingi, hakuna anayejua kaburi ni lipi. Mlinzi wa mlango ndiye aliyemwelekeza kwetu. Nilimpa kiti. Alikataa kiti, akakaa kwenye mkeka.

"Balinieleza kama kuko papa moko kule ndani," akaanza, "alikuwa analisha mutoto yangu kila siku. Sahani moja naye. Njo maana nimekuja. Nilikuwa naogopa kama alikufa na njaa. Sasa najua alikufa na malaria, na malaria ni ya Mungu. Nimekuja kusema asanti."

Akafungua kikapu. Kulikuwa na samaki wa moshi, mkubwa, aliyekunjwa mviringo, mkia mdomoni.

Ningeweza kumwambia. Nilikuwa na pumzi ya kusema na hapakuwa na mtu wa kunikatiza. Nikasema, "Ndiyo, mama. Alikuwa anakula chakula yetu."

Papa alikuwa amesimama mlangoni. Sijui alikuwa hapo tangu lini. Alinitazama, kisha akamtazama yule mama, akamsalimia kwa Kilingala cha mtoni, akaja kukaa naye mkekani. Aliniambia nipike.

Nilimpika samaki yule kwa mawese na ndizi. Nikaandaa kwenye beseni moja. Papa akanawa, mgeni akanawa, nami nikageuka nirudi jikoni.

"Na weye," papa akasema. "Unawe."

Nikakaa. Yule mama alichagua kipande cha tumbo, chenye mafuta, akatoa miiba mmoja mmoja kwa kucha, akakisukuma upande wangu wa beseni.

"Kula, mwana yangu," akasema. "Umechoka na kutupikia."

Nikala.