Raya na msufi wa Bi Mosi: fundi wa miti asiyetulia

Saa moja asubuhi, nyuma ya nyumba ya Bi Mosi mjini Bagamoyo, Raya Bwanausi anauzunguka msufi kwa mara ya tano. Kofia ngumu iko kichwani, kamba iko begani, lakini hapandi. Anagonga shina kwa kisigino cha shoka, anatega sikio, anasogea hatua mbili, anagonga tena.

Bi Mosi, mwenye nyumba, amesimama mlangoni pa jiko na kijiko mkononi. Uvumilivu unamwishia.

“Mwanangu, unaukata au unauposa?”

“Naukata, mama. Ila kwanza nijue una ugonjwa gani.”

Wiki iliyopita, mvua za masika ziliangusha tawi moja likatoboa bati la jiko. Tawi kubwa kuliko hilo bado limelala juu ya paa la vyumba, na kila upepo ukivuma Bi Mosi anawatoa wajukuu nje. Vijana wawili walikuja juzi wakasema wangelimaliza kwa saa moja, kwa nusu ya shilingi laki moja na themanini alizotaja Raya. Walitaka kutembea juu ya lile tawi na kulikata kwa mbele. Bi Mosi nusura akubali.

Raya anapanda ngazi hadi kwenye panda ya mti, anagonga tawi hilo, na sauti inabadilika. Linalia kama ngoma.

“Kaka Majaliwa,” anaita chini, “ndani hamna kitu.”

“Basi usilikanyage,” anajibu mwenzake, huku akizungushia kamba kwenye shina.

Raya ana miaka thelathini na mitatu. Alizaliwa Mkange, kaskazini mwa wilaya hiyo, kwa baba mchoma mkaa, na panga alilijua kabla ya kalamu. Akiwa na miaka kumi na tisa alikwenda Lugoba kuwauzia chakula wapasua mbao. Siku moja mwendesha chensoo, yaani msumeno wa mnyororo, aliugua, na mzigo ulikuwa unasubiriwa. Raya aliweka sufuria chini akasema yeye anaweza.

“Sikuwa najua chochote,” anasema. “Nilikuwa nimewaangalia tu miezi minane. Nilivaa kandambili na dera nimelifunga kiunoni.”

Tangu siku hiyo hakukaa mahali. Leo Chalinze, kesho Saadani, keshokutwa yuko kwenye shamba la mtu anakata mikorosho iliyozeeka. Mama yake, Bi Fatu, humwambia anahangaika kama kuku anayetaka kutaga. Katika kuhangaika huko ndipo alipokutana na Majaliwa, mwanamume mpole anayemzidi miaka kumi, wakawa wanafanya kazi pamoja. Mwaka huu ni wa tisa.

Miaka mitano iliyopita, kwenye shamba moja karibu na Lugoba, walipewa kazi ya kuangusha mvule ulioinama. Kibali kilikuwepo na mwenye shamba alikuwepo. Raya ndiye aliyeshika msumeno. Aliingia na mkato mmoja kutoka nyuma, moja kwa moja, kama alivyozoea. Kabla hajafika katikati, shina lilipasuka kwenda juu kama kuni, nusu yake ikarudi nyuma kwa kishindo. Yeye aliruka. Majaliwa, aliyesimama nyuma yake, paja lake lilivunjika mara mbili.

“Watu walisema ni bahati mbaya,” anasema Raya, akitazama mikono yake. “Nikanyamaza. Nikaacha waendelee kusema hivyo.”

Miezi miwili hakugusa msumeno. Alikuwa anaamka, anafagia uwanja, anaingia ndani, anatoka, anafagia tena uwanja uleule. Majaliwa alipotoka hospitali na mkongojo, alimkuta hivyo. Hakumlaumu. Alimwuliza tu kama tupa bado ipo, kwa sababu minyororo ilikuwa butu. Tangu hapo yeye hukaa chini: ananoa, anashika kamba na kuangalia juu.

Kilichombadilisha Raya ni mafunzo ya wiki tatu yaliyoletwa Chalinze na shirika dogo la wapanda miti. Walikuwa washiriki ishirini na wawili, wanawake wawili tu. Mkufunzi, Mwalimu Katarina, mtaalamu wa misitu kutoka bara, asubuhi ya kwanza hakuwasha mashine. Aliwaambia wauzunguke mti mmoja hadi saa sita mchana, na kila mtu aseme alichokiona.

“Nilitaka kuondoka,” anakumbuka Raya. “Nilisema huyu mama anatupotezea muda.”

Siku ya tatu mwalimu alichora ubaoni mti ulioinama, uliokatwa kwa nyuma bila kutolewa kwanza kipande chenye umbo la kabari upande unakoangukia. Akachora mpasuko unavyopanda. Raya alitoka darasani, akakaa nyuma ya choo akalia.

“Ulikuwa ni mvule wetu ule ule. Kumbe ajali ile ina sababu, na ina kinga. Ingenichukua dakika tano kuijua.”

Aliporudi kazini, alianza kukataa. Anakataa mti asioruhusiwa kuuzunguka, anamkataa mteja anayemharakisha. Kwa mwaka mzima alipoteza karibu nusu ya wateja, na pesa iliyobaki aliitia kwenye viatu vya ngozi na suruali nene ya kinga. Vijana wanapomwuliza waanzeje, jibu lake ni moja.

“Usinunue chensoo kwanza. Nunua kofia na viatu, halafu tafuta anayejua ukae naye. Noa mnyororo wake mpaka achoke kukuona. Mashine ya kuazima ipo. Mguu wa kuazima haupo.”

Juu ya msufi, kazi inakwenda taratibu. Raya amejifunga mkanda kwenye upande wa mti usiooza, anakata kwa msumeno wa mkono vipande vifupi, kila kimoja kikiwa kimefungwa kamba. Majaliwa anavishusha chini polepole, mguu wake mbovu ukiwa umeegemea mzizi. Kipande cha nne kinapotua, Bi Mosi anasogea kuchungulia. Ndani ni unga mweusi na sisimizi, ganda lenyewe unene wa vidole viwili.

“Na wale vijana walitaka kutembea juu ya hili?” anauliza.

Saa saba mchana hakuna tena tawi juu ya paa. Shina litaangushwa kesho, upande wa uwanja. Bi Mosi analeta wali na samaki, lakini Raya hali. Anasimama, anakaa, anasimama. Hatimaye anatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa mara nyingi. Ni fomu ya chuo cha misitu huko kaskazini, kozi ya mwaka mmoja. Mwisho wa kuirudisha ni Ijumaa. Ametembea nayo wiki mbili kwa sababu ya nafasi moja tupu: mdhamini, mtu anayeijua kazi ya mwombaji.

“Kaka Majaliwa,” anasema, “ule mvule niliukata vibaya. Haikuwa bahati mbaya. Nilipaswa kukwambia zamani.”

Majaliwa anamaliza tonge lake.

“Nilikuwa nimesimama nyuma yako, Raya. Nilikuona. Na mimi sikujua kukwambia usikate hivyo.” Ananawa, anajifuta, ananyoosha mkono. “Lete kalamu.”

Anaandika kwa muda mrefu, ulimi umetoka kidogo. Raya anaichukua fomu na kusoma kwa sauti: “Nimefanya naye kazi miaka tisa. Aliniumiza mara moja. Baada ya hapo alikwenda kujifunza, na hajaumiza mtu tena.”

“Umeandika hivi kweli?”

“Si wametaka mtu anayeijua kazi yako?”

Raya anaikunja fomu kama ilivyo. Akipata nafasi, anasema, atarudi Lugoba kufungua uwanja wa mafunzo kando ya barabara kuu, mahali wapasua mbao wanapopita. Majaliwa atafundisha kunoa na kushika kamba. Na wanafunzi wake, anaapa, hawatashika mashine kabla ya siku ya nne.

“Watanichukia,” anasema, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi anavuta sahani ya wali.