Bibi alivyoapa kwamba mwanawe ni kaka yake, mjomba akakosa haki yake ya vita

Wakuu, heshima kwenu, na shikamoo kwa mlionitangulia umri.

Juzi nimesoma uzi wa mdau anayezungushwa kwa sababu majina ya baba yake hayafanani kwenye karatasi. Nikakumbuka jambo ambalo nimekaa nalo muda mrefu. Hii siyo chai. Nimebadilisha majina tu.

Ni ile miaka ya ruksa. Wanunuzi binafsi wa korosho wameanza kuingia vijijini na mizani yao, mitumba imejaa gulioni, na hospitali tulizozoea kutibiwa bure zimeanza kututaka tuchangie.

Hapo kwenye kuchangia ndipo ilipomshika mjomba wangu.

Mjomba alikuwa mgambo wa kijiji chetu, jirani na Chiungutwa, wilaya ya Masasi. Vita vya Kagera vilipoanza, yeye na wenzake wakachukuliwa kwenda kuongeza nguvu jeshini. Alirudi na karatasi ya kuruhusiwa, na vipande vya chuma ndani ya paja. Karatasi ilisomeka Issa Ausi.

Kila masika lile paja lilivimba na kutoa usaha.

Sasa nisimame kidogo niwaeleze mila, maana bila hiyo hamtanielewa.

Sisi ni Wamakua, ukoo wetu unafuata upande wa mama. Mkubwa wa ukoo akifa, jina lake haliachwi. Siku ya arobaini anachaguliwa mpwa wake mmoja, anavishwa kanzu ya marehemu, anakalishwa kwenye kiti chake na kuitwa kwa jina lake. Tangu hapo yeye ndiye. Anabeba wajibu wa marehemu na undugu wake pia.

Mjomba hakukaa sana tangu arudi vitani, kaka yake bibi, Mzee Namwenya, akafariki. Jina likamwangukia yeye.

Mama yangu, dada yake wa tumbo moja, akaanza kumwamkia shikamoo. Bibi, aliyemzaa, akaanza kumwita kaka. Naye akamwita dada.

Wageni walicheka. Sisi hatukuona cha kuchekesha. Jina la Issa liliisha kijijini, na kulitamka mbele ya watu ilikuwa sawa na kumvua mzee wa watu ile kanzu hadharani.

Basi likaja tangazo kwamba mgambo walioumia vitani wapeleke karatasi zao zihakikiwe. Atakayekubaliwa angepata mafao na kutibiwa hospitali ya jeshi. Mjomba hakuyawazia sana mafao. Alitaka paja lipasuliwe na watu wanaojua risasi.

Mimi wakati huo nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Nikampakia kwenye baiskeli hadi Masasi mjini.

Karani alisoma karatasi ya jeshi, akasoma barua ya kijiji, akapekua daftari la wakazi, akatutazama.

"Issa Ausi kijijini kwenu hayumo. Namwenya yumo, lakini humu wameandika alishafariki. Mzee, hii karatasi ya askari umeiokota wapi?"

Mjomba alipandisha kanzu, akamwonyesha paja.

"Pole sana," karani akasema. "Lakini kovu halijaandikwa jina, mzee wangu."

Tukaelekezwa twende kwa hakimu na mashahidi wawili, aliyepigana naye na aliyemzaa au kumlea. Wakiapa kwamba Issa na Namwenya ni mtu mmoja, kumbukumbu zitasahihishwa.

Tukaona kazi imekwisha. Mashahidi wote wawili walikuwa hai.

Aliyepigana naye alikuwa Mzee Chitanda, Mmakonde wa Newala, mtu wa masihara asiyeweza kukaa kimya. Nilipanda kule kwao uwanda wa juu kumfuata. Alikubali kabla sijamaliza salamu, akateremka kwetu siku moja kabla ya shauri. Alianza kelele tangu barabarani.

"Issa! Issa Ausi! Bado uko hai, we Mmakua?"

Bibi alikuwa anapepeta mtama. Akaweka ungo chini.

"Hapa hakuna Issa," alisema. "Huyu ni Namwenya."

"Namwenya ndo nani? Huyu nimemvuta matopeni mwenyewe, mzito kama gunia la korosho mbichi!"

"Basi ulimvuta mtu mwingine."

"Nyie Wamakua bwana! Mtu akifa hamuachi hata jina lake lipumzike."

"Na nyie mkizaliwa hamuachi mdomo upumzike."

Tukacheka wote, mpaka mjomba. Ule ndio ulikuwa wakati wa kukaa na bibi na kumweleza hakimu atauliza nini. Hakuna aliyewaza. Tulimwambia tu: "Kesho ukaseme ukweli."

Kesho yake Mzee Chitanda alitoa ushahidi safi. Alieleza jinsi mjomba alivyoumia, nani alimfunga jeraha, gari gani lilimbeba. Hakimu, kijana mstaarabu na mgeni mkoani, alikuwa anaandika huku akitikisa kichwa kukubali.

Kisha akaitwa bibi. Akaapa kwa msahafu.

"Mama, huyu unamfahamu?"

"Namfahamu sana."

"Ni nani yako?"

"Kaka yangu."

Kalamu ikasimama.

"Mama, umeapa. Nakuuliza taratibu. Huyu hukumzaa wewe?"

"Kaka yangu nitamzaaje, baba?"

Watu wakaangua kicheko. Mimi nikainuka nieleze, nikaambiwa nikae, siyo shahidi.

"Mwanao Issa Ausi yuko wapi?"

"Huyo hayupo tena. Alikoma siku ya arobaini ya Namwenya."

Hakimu akaandika. Pembeni yake alikaa mzee wa baraza, mtu wa huku huku kwetu. Nilimwona ameinamisha kichwa. Alijua kila kitu. Nilipomuuliza baadaye kwa nini alinyamaza, alinijibu, "Mwalimu, ameapa kwa msahafu. Nimwambie anasema uongo, wakati hasemi uongo?"

Hakimu hakuwa mtu mbaya, lazima niliseme hilo. Alimgeukia mjomba.

"Mzee, nakupa nafasi. Mgeukie huyu mama, umwambie mbele yetu: mimi ni mwanao Issa. Akikukubali, nafunga shauri sasa hivi."

Maneno manne tu.

Mjomba alimtazama bibi. Bibi naye alimtazama kwa ile heshima ya mdogo kwa kaka yake mkubwa. Tulikuwa wapwa na wajukuu chungu nzima tuliokaa chini ya jina lile. Mashamba, posa, ugomvi wa ndoa, vyote vilikwenda kwa Namwenya. Akilikana pale, limevuka mlango na halirudi tena.

"Mheshimiwa," alisema mjomba, "mbele yake siwezi."

Shauri likatupwa. Ushahidi unapingana.

Tulipokaa kusubiri lori la kurudi, bibi akamegea mjomba muhogo wa kuchoma.

"Kaka, wamekupa?"

"Watanipa, dada. Kula."

Hakuna aliyemweleza bibi kwamba jibu lake ndilo lililoangusha shauri. Mjomba alikataza.

Niliandika barua za rufaa, majibu hayakuja. Paja likaendelea kula mfupa. Hospitali tulienda tulipoweza kuchangia, na mara nyingi hatukuweza. Masika moja homa ilimpanda na haikushuka tena.

Arobaini yake walinikalisha mimi kwenye kile kiti.

Kanzu ilikuwa pana mabegani. Bibi akaja mbele yangu, akanishika mkono.

"Kaka, umerudi."

Nikajibu kama nilivyofundishwa. "Nimerudi, dada."

Akaniachia. Akaenda kukaa kizingitini, peke yake, akajifunika khanga kichwani. Ndipo nikamsikia.

"Issa," alisema. "Issa mwanangu. Issa wangu wee."

Jina la Namwenya lilikuwa limepata mtu mwingine. Sasa aliruhusiwa kumlilia mwanawe. Mzee Chitanda alivua kofia, akaenda kukaa chini karibu naye, na safari hii hakumtania.

Wakuu, nilichojifunza ni hiki. Tulimwandaa shahidi aseme ukweli, hatukumuuliza ukweli wake yeye ni upi. Kama mna mzee aliyerithi jina, nendeni mkaapie majina yote mawili mapema, na mila ielezwe na mtu wa ukoo asiyefungwa na undugu ule. Msimbebeshe mama yake.

Mpaka leo najiuliza bibi angejibu nini pale bila kumuumiza mtu. Wanasheria mliomo humu, na nyie Wayao, Wamakua na Wamakonde wenzangu mliopewa majina ya wajomba: kwenu mlilimalizaje?

Naomba tu mnapochangia, bibi msimcheke.