Mume wangu alimwambia mgeni kuwa mimi ni msichana wa kazi

Mhariri, lifiche jina langu. Majina ya wanangu mapacha nimeyaacha yalivyo, maana Kulwa na Doto huku kwetu wamejaa kila mji, hakuna atakayenitambua kwa hayo.

Mimi ni mama wa miaka ishirini na saba, nakaa Ushirombo. Niliolewa kanisani, na ng'ombe wa mahari walitolewa wote. Mume wangu ni dereva wa kampuni moja inayopeleka Wazungu porini kuwinda. Ukimwona na kofia yake ya kaki na funguo zinazoning'inia kiunoni, utadhani pori lote aliachiwa na baba yake. Nyumbani mlango umelegea bawaba tangu masika na hajui hata pa kuanzia.

Hivi karibuni alikuwa na wageni watatu, wazee wawili na mama mmoja wa makamo, mjane. Siku yao ya mwisho, wakiwa njiani kwenda kupanda ndege Shinyanga, yule mama akataka apite kwa dereva aone Waafrika wanavyoishi. Sijui siku zote hizo alidhani anaendeshwa na nani.

Mume wangu alitangulia asubuhi kuniambia nipike. Kabla ya kurudi kambini aliteremsha ukutani picha yetu ya ndoa, akasema kioo kina vumbi, anakwenda kukisafisha. Mtu huyu hajawahi kufuta vumbi hata la kiatu chake mwenyewe. Nami, kwa ujinga wangu, nikafurahi.

Wageni wakaja, nikawanawisha mikono, nikaweka wali na jogoo. Shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu, alikuwapo. Huyu alisoma kwa mapadri na Kiingereza anakisikia vizuri. Yule mama akaninyooshea kidole, akauliza kitu. Mume wangu akajibu haraka, meno yote nje. Akaulizwa kuhusu watoto. Akajibu tena, mara hii ameinamisha uso kwa majonzi, hata yule mama akamshika bega.

Nikamwita shemeji jikoni. "Wamesema nini?"

Akawa anatazama mafiga tu. "Amesema wewe ni msichana wa kazi. Mapacha ni wa kaka yake aliyefariki."

"Kaka yupi?" Maana wamezaliwa wawili tu.

"Si mimi, shemeji? Ndiyo nimeshakufa."

"Na wewe umenyamaza?"

"Nisimharibie mdogo wangu. Anategemea huyu mama atamchukua Ulaya akawe dereva wake. Sasa akisema ana mke na watoto, nani atamchukua?"

Marehemu akarudi zake mkekani, akala paja.

Wasomaji, huyu baba wa mapacha alichezewa ngoma. Walipozaliwa wanetu tulipakwa unga mweupe hadharani, mimi na yeye, watu wakatutukana kwa nyimbo zile za mapacha, kama ilivyo mila, mpaka jua likazama, na yeye akawa anacheka na kujipiga kifua. Hakuna asiyejua ni wanawe. Mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa hajui, naye ni yule mgeni, basi akaona hapo ndipo pa kupitia.

Kabla ya kuondoka, yule mama akatoa sweta la buluu kwenye mfuko wake, akamvalisha Kulwa. Doto akasimama pale, mikono ameinyoosha, anangoja lake. Halikuwapo. Kwetu pacha hapewi kitu peke yake, hata karanga watagawana sawa, kwani ukimpa mmoja unamdhuru mwenzake. Nikamtazama mume wangu. Nilijua sasa atasema, kwa sababu hili linagusa uhai wa mtoto. Akageuka, akawa anapiga teke gurudumu la gari kuona kama lina upepo.

Nikasema kwa sauti, "Baba Kulwa, mwambie mgeni wako wanao ni mapacha, hupewa sawa." Kisha nikamvua Kulwa lile sweta, nikalikunja, nikamrudishia mwenyewe mikononi.

Yule mama akauliza nimesema nini. Mume wangu akamjibu. Shemeji aliniambia baadaye alichojibu: eti nasema mtoto anaona joto.

Ulaya hakupelekwa. Alirudi na mabaki ya kambi, miche ya sabuni, samaki wa kopo na blanketi. Yule mama alipanda ndege, akampungia mkono mara moja, basi. Nilipomkabili akasema, "Mama Kulwa, yale yalikuwa maneno ya kazi tu. Ningefika kule ningewavuta."

"Ungemvuta nani? Msichana wa kazi na mayatima?"

Nikabeba wanangu nikaenda kwa wazazi wangu Masumbwe. Baba yangu ananiuliza, "Amekupiga?" Hapana. "Ameoa mwingine?" Hapana. "Sasa hili shauri nitalifungulia wapi mbele ya wazee?" Naye mwanamume akaleta ile sabuni kwa wakwe. Mnajua sabuni ilivyoadimika mwaka huu. Mama yangu ameshafulia, na tangu afulie anamwita mwanangu, mwanangu.

Jumamosi mume wangu anakuja na wazee kunichukua. Nimempelekea sharti moja, wala si ng'ombe. Asimame mbele ya watu, aseme yule ni mke wangu, wale ni wanangu wa kuzaa, na kaka yangu yu hai. Amejibu kwamba atanipa kitenge, lakini hilo la kusimama na kusema hawezi, ataona aibu.

Nishaurini, wasomaji wenzangu. Aibu haikumshika aliponikana kwa mgeni, imemshika alipoombwa kusema kwamba mimi ni mkewe. Nirudi nikampikie?